Auti moja ina bei gani? Kuhusu banti katika besiboli ya vyuo vya Marekani

Mkimbiaji yuko besi ya kwanza, auti bado hakuna, yaani katika zamu hii hakuna mchezaji wa timu inayopiga aliyetolewa. Mrushaji anapoanza kunyanyua mguu, mpigaji anageuza kifua kumwelekea, anatelezesha mkono wa juu hadi karibu na katikati ya gongo, vidole akivificha nyuma visipondwe. Hapigi. Anauacha mpira uje wenyewe kugusa gongo, nao unaanguka na kufia kwenye nyasi. Mlinzi wa besi ya tatu anakuja mbio, anauokota kwa mkono mtupu, anaurusha besi ya kwanza. Mpigaji katoka, lakini mwenzake keshafika besi ya pili. Benchi lote linasimama kumpokea kama shujaa.

Hiyo ndiyo banti ya kafara. Besiboli haina saa. Timu ina auti 27, tatu kwa kila zamu, zikiisha mchezo umeisha. Hapa kocha ametoa moja kwa hiari yake ili anunue besi moja kati ya nne ambazo mkimbiaji huzunguka ili apate pointi. Kwa misimu sita nimekaa nyuma ya wavu nikiandika kila mpira wa timu ya chuo, kisha usiku nakokotoa hesabu zake, na hakuna jambo linalogombanisha watu wa mchezo huu kama hilo.

Mimi mwenyewe besiboli niliijulia Dar es Salaam kwa walimu wa Kijapani, na kwao banti ni somo la mwanzo kabisa. Rekodi ya dunia ya banti za kafara, 533, ni ya Mjapani, Masahiro Kawai. Kwa hiyo nilifika Marekani nikiiamini. Hesabu ndizo zilizonitikisa.

Chukua jedwali la ligi kuu ya Marekani, misimu ya 2010 hadi 2015. Timu yenye mtu besi ya kwanza bila auti ilipata kwa wastani pointi 0.86 kabla ya zamu yake kwisha. Yenye mtu besi ya pili na auti moja ilipata 0.66. Yaani banti ikifaulu vizuri kabisa, bado umepoteza. Utasema, mimi nataka pointi moja tu. Haya: uwezekano wa kupata angalau moja nao ulishuka kidogo, kutoka asilimia 42 hadi 40. Hali hugeuka watu wakiwa besi ya kwanza na ya pili bila auti. Hapo, ukiwasogeza wote wawili, uwezekano wa kupata angalau pointi moja ulipanda kutoka asilimia 61 hadi 68. Banti hiyo naitetea mchana kweupe, mradi mchezo uko ukingoni na pointi moja inatosha.

Wanaoipinga banti hufunga mjadala hapo. Mimi sikubali, kwa sababu jedwali lile ni la watu wazima wanaolipwa, wanaotumia magongo ya mbao. Vyuoni, tangu 1974, gongo la alumini linaruhusiwa, na tabia ya gongo ndiyo inayopanga bei ya auti. Mwaka 1997 LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, walipiga homurani 188, yaani mapigo yanayovusha mpira nje ya uwanja, katika msimu mmoja. Mwaka uliofuata fainali ya taifa pale Omaha, Nebraska, kati ya vyuo vya USC na Arizona State, iliisha USC 21, Arizona State 14. Katika mchezo wa namna hiyo, kutoa auti bure ni kutupa chakula. Kisha mwaka 2011 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikaleta kipimo kipya kilichopunguza nguvu ya gongo kuurudisha mpira, na mwaka huohuo fainali zikahamia uwanja mpya. Homurani zikakauka.

Ndipo UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, wakatwaa ubingwa wa 2013. Wastani wao wa kupiga pale Omaha ulikuwa .227, yaani takriban mapigo 23 ya kufika besi kwa kila majaribio 100, kiwango cha kumfanya kocha akose usingizi, na banti zao zilisifiwa nchi nzima. Lakini tazama upande wa pili wa karatasi: michezo mitano, pointi 19 walizopata, pointi nne tu walizoruhusu. Warushaji wao ndio walioifanya pointi moja iwe dhahabu, na banti ikaenda kuichukua. Ukiiga banti za UCLA bila warushaji wa UCLA, umeiga kanzu ukaacha swala.

Mwaka 2014 ni mtamu zaidi. Homurani tatu tu zilipigwa kwenye fainali zote za Omaha, na ya tatu, ya John Norwood wa chuo cha Vanderbilt katika mchezo wa mwisho, ndiyo iliyovunja sare ya 2–2 na kuamua ubingwa. Mwaka 2015 ukaletwa mpira wenye mshono ulio bapa zaidi, ambao hauzuiliwi sana na hewa, na homurani zikarudi. Tennessee, mabingwa wa 2024, walipiga 184.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali la ligi kuu halilioni: makosa. Kijana wa miaka 19 anayekimbilia mpira, kuinama, kugeuka na kurusha kwa pumzi moja hukosea mara nyingi kuliko mlinzi wa kulipwa, na mpira ukipita juu ya kichwa cha mwenzake, auti uliyoitoa unarudishiwa na besi juu yake. Hapo kocha Augie Garrido, aliyetwaa mataji matano akiwa vyuo vya Fullerton na Texas huku akiamuru banti bila haya, alikuwa anaona kitu cha kweli. Ila viwanja vingi sasa ni nyasi bandia. Mpira haufi, unateleza moja kwa moja hadi mikononi mwa mlinzi, na mkimbiaji wa mbele ndiye anayetolewa.

Kinachoniuma ni banti ya zamu ya kwanza. Msimu uliopita niliandika mchezo ambao mpigaji wetu wa pili, kijana aliyekuwa akiupiga mpira vizuri kuliko wote wiki ile, aliamriwa banti kabla mrushaji wa wapinzani hajapata jasho. Mrushaji huyo alikuwa amemtembeza mtu wa kwanza, yaani amempa besi ya kwanza bure, kwa mipira minne mibovu mfululizo. Hakuwa na uwezo wa kulenga. Tukampa auti, akavuta pumzi, akatulia. Zamu ile hatukupata kitu, na hakumtembeza mtu mwingine hadi ya sita. Kwenye karatasi yangu niliandika alama ya kafara kama kanuni inavyotaka, nikaizungushia duara jekundu, na siku iliyofuata nikaipeleka mezani kwa kocha.