Kabla ya Kununua Makabati, Pimeni Mabegi

Wazazi wengi wanaoleta watoto wao katika chumba changu cha fiziotherapia hapa Dar es Salaam huwa wameshapata jibu kabla sijauliza swali la kwanza: mtoto anaumwa mgongo kwa sababu ya begi, na kama shule ingekuwa na makabati ya kufunga kwa kufuli, yale yanayoonekana kwenye filamu za Kimarekani, shida ingekwisha. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na siku hizi hata kamati za shule binafsi zinaijadili zinapopanga ada ya mwaka unaofuata. Hata hivyo, inayaruka mambo mawili: namna mzigo unavyofanya kazi katika mwili wa mtoto, na namna siku ya mwanafunzi wetu inavyopangwa tangu anapotoka nyumbani hadi anaporudi.

Begi likining'inia mgongoni huvuta uzito wa mwili kuelekea nyuma, na mtoto, ili asielemewe, huinamisha kiwiliwili mbele, kisha hulazimika kuinua kidevu ili aione njia, hivyo kwamba misuli ya nyuma ya shingo na ya mabega hukaa imekaza muda wote wa safari. Kadiri mikanda inavyolegezwa na begi kushuka hadi makalioni, ndivyo mvuto huo unavyozidi hata kama uzito haujaongezeka. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha California cha San Diego walichapisha matokeo ya picha za MRI za watoto wanane wa umri wa miaka 11 hivi, waliopigwa picha wakiwa wima huku wamebeba mabegi ya kilo 4, 8 na 12. Diski zilizo kati ya pingili za kiuno zilibanwa zaidi kila mzigo ulipoongezwa, baadhi ya watoto walipinda kiuno upande mmoja, na maumivu waliyoyaeleza yalipanda pamoja na kilo.

Watoto wanane ni wachache, na picha ya dakika chache haisemi lolote kuhusu mgongo wa miaka ijayo. Mwaka 2018 jarida la British Journal of Sports Medicine lilitoa mapitio ya tafiti 69 zilizohusisha watoto na vijana zaidi ya 72,000, na waandishi wake hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba uzito wa begi, muundo wake au namna ya kulibeba ndiyo chanzo cha maumivu ya mgongo. Nawaeleza wazazi jambo hili waziwazi, ingawa najua halivutii kama picha za kutisha zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Begi zito linachosha, linaumiza mabega na linamfanya mtoto afike darasani akiwa amekwisha nguvu, na hizo ni sababu za kutosha za kulipunguza. Halisababishi ule ugonjwa wa uti wa mgongo kujipinda kama herufi S, ambao mara nyingi hujitokeza wakati wa kubalehe bila chanzo kinachojulikana.

Kiwango kinachotumiwa zaidi ni asilimia 10 ya uzito wa mwili. Sera ya mabegi ya shule ya India ya mwaka 2020 inakifuata, na madaktari wa watoto wa Marekani huruhusu kati ya asilimia 10 na 20. Tuchukue mwanafunzi wa kidato cha kwanza mwenye kilo 40, ambaye kwa hesabu hiyo angebeba kilo 4. Kaunta buku ya kurasa 288 ina karatasi 144, na kwa karatasi ya kawaida ya ukubwa wa A4 pamoja na jalada lake gumu, inakaribia gramu 600. Masomo tisa ni zaidi ya kilo 5 kabla hatujaweka kitabu kimoja cha kiada. Ongeza chupa ya maji ya lita moja, ambayo ni kilo nzima, chakula, viatu vya michezo na begi lenyewe, na mtoto huyo anakaribia kilo 8 bila kubeba kitu chochote cha ajabu. Kwa maoni yangu ile kaunta buku nene, inayonunuliwa ili itumike miaka miwili au zaidi, ni adui mkubwa kuliko kukosekana kwa kabati. Daftari jembamba kwa kila muhula lingepunguza mzigo kwa zaidi ya nusu, na gharama yake kwa mwaka haitofautiani sana.

Sasa turudi kwenye makabati. Katika shule za sekondari za Marekani mwanafunzi huhama chumba kila kipindi: hisabati huku, kemia kule, ndiyo maana makabati hupangwa kwenye korido ili aweke vitabu asivyovihitaji kwa wakati huo. Baada ya mauaji ya shule ya Columbine mwaka 1999 baadhi ya shule ziliyaondoa au kuyafunga kwa hofu ya silaha, na wanafunzi wakaanza kuzunguka na mzigo wote kutwa nzima. Kwetu anayehama ni mwalimu. Mwanafunzi wa mkondo A hukaa katika darasa la mkondo A kuanzia asubuhi hadi kengele ya mwisho, isipokuwa akienda maabara, na begi lake hukaa chini ya dawati. Uzito anaubeba njiani, asubuhi na jioni. Kwa hiyo kabati la kuhifadhia vitu saa za masomo tu, ambalo mwisho wa siku linapaswa kuachwa tupu, halimpunguzii hata gramu moja.

Swali linalotufaa ni kama vitabu vinaweza kulala shuleni. Mwaka 2018 wizara ya elimu ya Japani ilizitaka shule zitafakari ni vitabu gani viachwe darasani, kwa sababu watoto wa shule za msingi walikuwa wakielemewa, na yale mabegi yao ya kitamaduni, randoseru, yana uzito wa kilo moja au zaidi yakiwa matupu. Agizo la namna hiyo hapa lingekwama kwenye milango. Madarasa mengi hayana kufuli, mengine hayana vioo wala nondo madirishani, na daftari lililojaa maandishi ya muhula mzima likiibwa wiki mbili kabla ya mtihani, hakuna wa kulirudisha.

Kuna pia woga, na woga una uzito wake. Mwanafunzi anajua kwamba ratiba iliyobandikwa ukutani inaweza kupinduliwa asubuhi: mwalimu wa jiografia amepata dharura, mwalimu wa hisabati anachukua kipindi chake, na asiye na daftari anapigishwa magoti. Nikimuuliza mtoto kwa nini amebeba masomo yote tisa wakati leo ana matano, jibu ni hilohilo. Kisha kuna masomo ya ziada ya jioni, ambayo mara nyingi hufanyika mahali pengine kabisa na huhitaji madaftari yaleyale. Hakuna kabati linaloweza kutatua hayo mawili. Mkuu wa shule anaweza, kwa kuagiza kwamba mabadiliko ya ratiba yatangazwe siku moja kabla, na kwa kupanga vipindi viwili mfululizo vya somo moja, ili siku yenye vipindi vinane iwe na masomo manne au matano tu.

Shule ikishayafanya hayo, ndipo fedha za makabati zinapokuwa na maana. Kabati la chuma la upana wa sentimita 30 kwa kila mwanafunzi, yakipangwa matatu kwenda juu, huhitaji mita nne na nusu za ukuta kwa wanafunzi 45. Darasa lenye wanafunzi 90 linahitaji mita tisa, na hapo hakuna tena nafasi ya kubandika hata ramani. Naona bora dawati lenye kifuniko na kitasa cha kufuli, lile ambalo wanafunzi wa sekondari nchini Kenya huliita loka, kwa kuwa fundi seremala yeyote mtaani anaweza kulitengeneza na halili nafasi mpya. Lisilowezekana hilo, kabati moja la mbao la kila darasa, ufunguo ukiwa kwa mwalimu wa darasa, linatosha kulaza vitabu vya kiada, ambavyo kwa kawaida ni mali ya shule.

Njiani kwenyewe kuna mengi ya kurekebisha. Makonda wa daladala hukwepa wanafunzi kwa sababu ya nauli yao ndogo, hivyo mtoto husimama kituoni muda mrefu akiwa amebeba. Avue begi na aliweke chini katikati ya miguu, na akiwa amesimama ndani ya gari amwombe aliyekaa ampakatie, jambo ambalo watu wazima wengi bado hulikubali bila kinyongo. Mikanda yote miwili ivaliwe, ikazwe hadi begi likae juu ya kiuno, na vitabu vizito vikae karibu na mgongo.

Mzazi apime begi nyumbani kwa kusimama kwenye mizani akiwa nalo, kisha bila hilo, kabla ya kuja kwangu. Lakini asingoje mizani iwapo maumivu yanamwamsha mtoto usiku, yanaambatana na homa au kukonda, au kama miguu inakosa nguvu au inakufa ganzi. Kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo, na nchini mwetu dalili hizo hazipaswi kuhesabiwa kuwa kosa la begi. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali wiki hiyohiyo, akapigwe picha na kuchunguzwa na daktari.