Kifurushi kimegoma kufunguka? Anza na mstari wa kwanza

Wanaoanza Linux hunitumia picha za skrini kila mara, na nyingi zinaonyesha mstari wa mwisho tu: `tar: Error is not recoverable: exiting now`. Mstari huo unatisha bure. Ni tar, programu ya kufungua vifurushi, inaaga. Sababu imeandikwa juu yake, na ndiyo ninayoihitaji.

Chukua kisa kinachojirudia kuliko vyote. Umepakua programu, ukaandika:

`tar -xzf programu.tar.gz`

Ukajibiwa:

`gzip: stdin: not in gzip format`
`tar: Child returned status 1`
`tar: Error is not recoverable: exiting now`

Hapa zinazungumza programu mbili. tar kazi yake ni kukusanya mafaili mengi yawe moja, kazi inayoifanya tangu Unix ya mwaka 1979, enzi za kanda za sumaku. Kubana si kazi yake. Hiyo ni ya gzip, iliyokuja mwaka 1992. Herufi `z` inaiagiza tar ipitishe faili kwa gzip kwanza. Sasa gzip imekataa: ilicholetewa hakikubanwa na gzip. tar ikabaki mikono mitupu.

Usiamini jina la faili. Mtu yeyote anaweza kuandika `.tar.gz` mwishoni mwa chochote. Uliza hivi:

`file programu.tar.gz`

Ukiona `HTML document`, umepakua ukurasa wa wavuti. Mara nyingi umenakili anwani ya ukurasa wenye kitufe cha kupakulia, si anwani ya faili lenyewe. Au umetumia curl, programu ya kupakulia kwa kuandika amri, bila `-L`: seva ikasema faili limehamia kwingine, curl haikufuata, ikakuhifadhia ile taarifa ya kuhama. Hata `ls -lh` ingekushtua, maana programu ya MB 40 haiwezi kuwa na KB 9. Bado huamini? Andika `head programu.tar.gz`, utakuta `<!DOCTYPE html>` inakukodolea macho.

Ukiona `XZ compressed data`, kifurushi ni kizima, ila kimebanwa kwa njia nyingine. Ndiyo maana wanaoanza nawaambia waachane na `z`. Andika `tar -xf` tu. Tar ya GNU, iliyomo kwenye Ubuntu na nyinginezo, hutambua yenyewe. Tatizo linaweza kuwa seva iliyowekewa vitu vichache mno, ikajibu `xz: Cannot exec: No such file or directory`. Watu huishia kusoma maneno ya mwisho, wakaanza kutafuta faili lililopotea. Hakuna faili lililopotea. Kinachokosekana ni programu ya xz, na kwenye Debian au Ubuntu `sudo apt install xz-utils` inamaliza kazi.

Halafu kuna `tar -xfz`. Herufi `f` huchukua chochote kinachoifuata kuwa jina la faili, kwa hiyo tar inatafuta faili linaloitwa `z` na kulalamika kuwa halipo. `f` ikae mwisho, basi.

`unexpected end of file` kwa kawaida ni bando lililokata katikati. Usianze upya, data ni pesa: `wget -c` ikifuatiwa na anwani ileile itaendelea ilipoishia, kama seva inaruhusu. Ikimaliza, piga `sha256sum` kwenye faili, ikupe namba ya utambulisho wake, na uilinganishe na iliyotolewa na watengenezaji, kama ipo.

`Permission denied` isikukimbize kwenye sudo. Sioni sababu ya kuipa mamlaka ya msimamizi mkuu kazi ya kufungua kifurushi ulichookota mtandaoni. Kifungulie nyumbani kwako:

`mkdir -p ~/majaribio`
`tar -xf programu.tar.gz -C ~/majaribio`

Folda hiyo inakusaidia jambo la pili pia. Kuna vifurushi ambavyo havikufungwa ndani ya folda moja; ukivifungua, mafaili mia yanatapakaa kati ya nyaraka zako. `tar -tf programu.tar.gz` hukuonyesha yaliyomo kabla hujafungua chochote.

Na kama faili lako linaishia na `.deb`, yaani kifurushi cha Debian au Ubuntu, weka tar kando; kazi hiyo ni ya apt, programu ya kusakinisha. Andika `sudo apt install ./programu.deb`, na usiisahau `./`. Bila hiyo, apt italitafuta kwenye hazina zake za mtandaoni, ikwambie haioni kitu kama hicho, wakati faili liko hapo hapo mbele yako.