Giza si adui wa nuru
Wasomaji wengi wa hadithi za kichawi wameshika kwamba giza ni uovu mtupu, na kazi ya shujaa ni kulifutilia mbali. Sivyo. Mwandishi Mmarekani Ursula K. Le Guin, aliyeipenda falsafa ya Kichina ya Tao, ambamo kivuli na mwanga hutegemeana, alilionyesha hili katika riwaya yake A Wizard of Earthsea ya mwaka 1968. Ged, mchawi kijana, anakikimbia kivuli alichokifungulia mlango kwa kiburi chake mwenyewe. Baadaye anageuka na kukifukuza hadi bahari ya mbali, kupita visiwa vyote, kisha anakiita kwa jina lake mwenyewe: Ged. Hakuna anayeshinda wala kushindwa (ukurasa mzuri mno!). Wanaungana, naye anakuwa mzima.