Kununua nyumba hakufuti mkataba wa mpangaji
Hapa Kigoma, toka Mwanga hadi Ujiji, wengi huamini kwamba nyumba ikiuzwa mikataba ya wapangaji imekufa, na mwenye nyumba mpya anaweza kubadili kufuli kesho yake. Sivyo. Kwa kawaida unainunua pamoja na wapangaji wake: aliyelipa kodi ya miezi 6 anamaliza miezi yake, hata kama risiti yake ni karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Na msumbufu asiyelipa? Mpe notisi ya maandishi. Akikaidi, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kumng'olea mlango, watoto wamo ndani, kunaweza kukugeuza wewe mshtakiwa. Tafadhali, kabla hujalipia nyumba, kaa na kila mpangaji umuulize amelipa hadi lini.