Imani na mazingira: dhana potofu tunazozirudia, na ukweli wake

"Misitu na maji waachieni wanasayansi, dini ishughulike na roho." Kauli hii huisikia kwa wasioamini na kwa waumini wenzangu pia, na mara nyingi nyuma yake kuna moja ya dhana hizi.

Dhana: Mungu alimpa mwanadamu dunia aitumie apendavyo

Hii ndiyo nzito kuliko zote. Mwaka 1967 mwanahistoria Mmarekani, Lynn White, alichapisha makala katika jarida la Science akidai kwamba mizizi ya uharibifu wa mazingira imo katika Ukristo wa Magharibi, uliomzoesha mtu kujiona bwana wa viumbe vyote. Ushahidi unaotajwa daima ni Mwanzo 1:28, pale mwanadamu anapoambiwa aijaze nchi na kuitiisha. Neno hilo limo, wala hatuna sababu ya kulificha.

Lakini asomaye asiishie hapo. Katika sura inayofuata, aya ya 15, Adamu anawekwa bustanini "ailime na kuitunza". Kitenzi cha Kiebrania kilichotafsiriwa kutunza, shamar, ndicho kile kile cha baraka ya makuhani: "BWANA akubarikie, na kukulinda." Yaani mtu anaagizwa kuitendea bustani lile analomwomba Mungu amtendee yeye mwenyewe. Kila nikiisoma aya hiyo nashangaa jinsi tulivyoipita haraka.

Torati inaingia hadi kwenye utekelezaji. Walawi 25 inaamuru ardhi ipumzishwe kila mwaka wa saba, na sababu inatajwa waziwazi: nchi ni ya Mungu, watu ni wageni tu ndani yake. Kumbukumbu la Torati 20:19 inalikataza jeshi lililozingira mji kuikata miti ya matunda. Kama shoka linazuiwa hata vitani, wakati wa amani tuna udhuru gani? Katika Qur'ani (2:30) mwanadamu anaitwa khalifa katika ardhi, na wanazuoni wengi wanaozungumzia mazingira wanalifasiri jina hilo kama dhamana: khalifa hushika alichokabidhiwa, na atakitolea hesabu.

Kuna jambo moja la White linalosahaulika: yeye mwenyewe alikuwa Mkristo, na hakumaliza makala yake kwa kuitupa dini. Alipendekeza Fransisko wa Assisi awe mtakatifu msimamizi wa wanaikolojia, yaani wachunguzi wa viumbe na mazingira yao. Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza rasmi kuwa hivyo.

Dhana: Dunia itakwisha tu, ya nini kuhangaika nayo?

Ipo hadithi ya Mtume Muhammad, iliyopokewa na Imam Ahmad, inayolijibu swali hili moja kwa moja: Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, kama anaweza kuupanda, basi aupande. Mche huo hautazaa, hautampa mtu yeyote kivuli, na bado amri ni kupanda. Nacho kitabu cha Ufunuo, ambacho watu hukifungua wakitafuta habari za mwisho, kinasema katika 11:18 kwamba wakati umefika wa "kuwaharibu hao waiharibuo nchi". Anayeungoja mwisho kwa imani ana sababu kubwa zaidi ya kujihadhari na uharibifu.

Dhana: Haya ni mambo mapya ya wanaharakati, dini zimeyadandia tu

Waraka wa Papa Fransisko kuhusu mazingira, Laudato Si', ulitoka mwaka 2015, na wengi wanadhani ndipo yalipoanzia. Lakini mwaka 1730, katika kijiji cha Khejarli huko Rajasthan, India, watu wa mtawala walikuja kukata miti ya khejri. Wabishnoi, ambao imani yao inakataza kukata mti mbichi, waliikumbatia miti hiyo, na 363 kati yao wakauawa. Arabuni nako kulikuwa na hima, eneo la malisho lililotengwa, tangu kabla ya Uislamu. Mtume aliondoa desturi ya wenye nguvu kujitengea hima kwa faida yao binafsi, na wanazuoni wakaielewa kuwa ni kwa manufaa ya umma.

Dhana: Kilicho kitakatifu hujilinda chenyewe

Hii tunaipenda sisi waumini, nayo ina madhara. Mto Ganges unaabudiwa na mamia ya mamilioni ya Wahindu, na bado unapokea majitaka ya miji na viwanda. Baadhi ya waumini husema Mama Ganga hawezi kuchafuliwa. Veer Bhadra Mishra hakuikubali hoja hiyo. Alikuwa kuhani mkuu wa hekalu la Sankat Mochan mjini Varanasi, na papo hapo profesa wa uhandisi wa maji. Alioga mtoni kwa ibada na akapima bakteria wa maji yale yale, na kuanzia mwaka 1982 hadi kifo chake mwaka 2013 aliongoza kampeni ya kuusafisha mto.

Nyanda za juu za kaskazini mwa Ethiopia zinasema jambo hilo hilo. Sehemu kubwa ya msitu wa asili uliosalia huko imezunguka makanisa ya Waorthodoksi. Ukitazama kutoka angani unaona viduara vya kijani katikati ya mashamba. Heshima kwa kanisa ndiyo iliyoihifadhi miti hiyo. Hata hivyo ng'ombe waliingia kula miche, na majembe yakazidi kumega kingo. Mwanaikolojia Alemayehu Wassie alikaa na makasisi, na jamii zikaanza kujenga kuta za mawe kuzizunguka baadhi ya misitu, kwa mawe yaliyookotwa mashambani.

Dhana: Ibada yangu haihusiani na matumizi yangu ya maji

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume alitawadha kwa mudi moja ya maji, kile tunachokiita kibaba, na akaoga josho kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Kibaba hicho hakifiki lita moja. Bomba lililoachwa wazi hukimaliza kabla mtu hajafika kuosha uso.