Mistari Miwili Si Yai

Jumatatu amekuja tena mwingine. Kafungua simu, kanionyesha picha ya kipimo cha mkojo cha kutabiri siku ya yai kutoka, mistari miwili imekolea. "Dakta, yai limetoka jana." Mumewe alikwishapanda basi la Mbeya akijua kazi imekwisha. Nikampima kwa utrasaundi: siku ya 11 tangu hedhi ianze, kifuko cha yai kikubwa kuliko vyote kina milimita 12. Hakuna kilichotoka.

Kipimo cha mkojo hakioni yai. Kinapima LH, homoni inayokiamuru kifuko kipasuke, na kwa kawaida yai hufuata saa 24 hadi 36 baadaye. Amri ikitolewa haina maana imetekelezwa. Tena mwenye PCOS, tatizo la homoni linalovuruga utokaji wa mayai, huweza kuwa na LH ya juu karibu mwezi mzima. Mistari itamtokea siku ya 9, ya 13, ya 18, na kila mara atalia kwa furaha bure. Mgonjwa wangu alimeza klomifeni, dawa ya kupevusha mayai, hadi siku ya 7, akapima siku ya 9. Klomifeni yenyewe huipandisha LH! Subiri angalau siku tatu baada ya kidonge cha mwisho. Ukishachomwa hCG, sindano ya kukipasua kifuko, ndiyo usipime kabisa, maana kipimo kinaweza kuisoma sindano.

Joto la asubuhi hupanda yai likishatoka. Kwa kupanga siku ya kukutana, umechelewa.

Kinachonikera zaidi ni kipimo cha damu cha projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, cha "siku ya 21". Inapaswa kupimwa siku kama saba kabla ya hedhi. Mwenye mzunguko wa siku 35 apimwe siku ya 28. Nimepokea wanawake walioambiwa hawapevushi mayai, kumbe walipimwa mapema tu.

Nategemea utrasaundi, kwa sababu inanionyesha pia idadi ya vifuko. Vifuko vitatu vikikomaa pamoja, mwezi huo tunasitisha, tukiogopa mimba ya watoto watatu, na hilo mkojo hausemi. Lakini hata mimi yai silioni. Naona kifuko kimenywea na maji kidogo nyuma ya mfuko wa uzazi, nasema limetoka. Kuna kifuko kinachopata LH, kikatoa projesteroni, joto likapanda, na kisipasuke kamwe. Na tukipima wawili kifuko kilekile, tunaweza kupishana milimita moja au mbili; kwa hiyo kikiwa na 17, kumchoma sindano leo au kesho, mara nyingine nabaki na shaka.

Ijumaa kifuko chake kilifika milimita 19. Mume bado yuko Mbeya.