Kutokimbilia cheo: dhana potofu na ukweli

Mtu akikataa kupandishwa cheo, au akiacha kazi yenye jina akachukua ya kawaida, maneno hayakosi. Mengi hayasimami ukiyapima.

Dhana: Asiyetaka kupanda ni mvivu

Anayepanda cheo mara nyingi hukabidhiwa kazi nyingine kabisa. Mwalimu hodari akifanywa mkuu wa shule, darasa humponyoka na bajeti na vikao humwangukia. Muuguzi aliyependa kukaa na wagonjwa huishia kupanga zamu za wenzake. Waandishi Laurence Peter na Raymond Hull walilieleza hili katika kitabu chao cha mwaka 1969: watu hupandishwa kwa umahiri wa kazi waliyo nayo, hadi wafike kwenye kazi wasiyoiweza. Basi anayesema "niacheni darasani" huenda anajijua vizuri kuliko wanaomsukuma. Kabla ya kusaini barua ya cheo, natamani kila mtu ajiulize: Jumatatu asubuhi nitakuwa nafanya nini, na je, nakipenda?

Dhana: Jitese sasa, utapumzika uzeeni

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu husemwa kwa nia njema. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio yao: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyo juu kwa asilimia 17. Vifo vilivyohusishwa na saa hizo ndefu mwaka 2016 vilikadiriwa kuwa 745,000. Wengi wa marehemu walikuwa na umri wa miaka 60 hadi 79, yaani miaka ileile waliyokuwa wameitunzia mapumziko.

Dhana: Fedha haina maana, fuata moyo wako

Upande wa pili nao una uongo wake. Mwaka 2010 watafiti Daniel Kahneman na Angus Deaton waliandika kwamba Marekani, kipato kikipita takriban dola 75,000 kwa mwaka, furaha ya kila siku haiongezeki tena. Kauli hiyo ikaenea kila mahali. Lakini mwaka 2023 Kahneman mwenyewe, pamoja na Matthew Killingsworth na Barbara Mellers, alionyesha kuwa kwa watu wengi furaha huendelea kupanda pamoja na kipato; inayogota ni ile ya walio na huzuni zaidi. Kwa hiyo piga hesabu: kodi, ada, madeni, wanaokutegemea. Kumhimiza mwenye deni aache kazi bila mpango ni kumtosa. Asiye na akiba anaweza kuanza na dogo, kama kukataa saa za ziada au kubaki kwenye cheo alicho nacho.

Dhana: Lazima kazi iwe wito wako

Si lazima. Utafiti wa Amy Wrzesniewski na wenzake wa mwaka 1997 uliwakuta watu wa aina tatu, kwa idadi zinazokaribiana: wanaoiona kazi kama riziki, wanaoiona kama ngazi, na wanaoiona kama wito. Aina zote tatu zilikuwemo hata miongoni mwa watu wa kazi moja. Kazi halali inayokulipa na kukuachia jioni yako kwa kwaya, bustani au wanao inatosha kabisa.

Dhana: Ukitoka, hurudi tena

Wengi hurudi, ingawa pengine kwa mshahara mdogo kuliko wa awali. Kwenye fani zenye leseni hofu hii ina msingi, kwani leseni ikilala, kuifufua kunaweza kuwa na gharama na mitihani. Ilipie na uhudhurie mafunzo yake hata ukiwa nje ya kazi.